Mbuzi ya Kukunia Nazi

Ndugu msomaji, hebu tazama leo ni chombo gani nyumbani mwako hakipo mahali pake. Ukivikuta vyote vimo, basi ama hukupata kuombwa kitu, ama umekwisha kujifunza kusema "hakipo" hali kipo. Mimi ni mwalimu wa chuo, umri wangu umepita miaka 50, na nimeyaona mengi katika mambo ya kuazimana. Lililo kubwa katika hayo ni langu mwenyewe. Walakini nitaanza na ya wenzangu, kwani ndiyo desturi ya binadamu: ya watu huyatanguliza, yake huyaweka mwisho.

Waazimaji ni makundi. Yuko aazimaye mwavuli wakati wa masika, akaurudisha kiangazi, na bado akataka ashukuriwe. Yuko aazimaye sufuria nyeupe pe, ikarudi nyeusi tititi kwa masizi. Na yuko bingwa wao: huazima ngazi yako, akampa mwingine, na huyo akampa wa tatu, hata siku unapoihitaji wapita mlango kwa mlango kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Ukiisha kuipata, yule aliye nayo hukuuliza, "Utairudisha lini?"

Wenye vyombo nao hawakosi hila. Mpini umevunjika, ufunguo ameondoka nao mzee, shoka lina makali mno, lisije likakudhuru. Na zama zetu hizi imezidi chaja ya simu: mwenye nayo huapa ya kuwa haiingii katika simu yako, hali simu zote mbili ni za namna moja.

Sasa nije kwangu. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Asubuhi nilikuwa nimewasomesha watoto Surat al-Maun, sura ya 107, yenye aya 7. Nikawafasiria ya kuwa mwisho wake walaumiwa wale wanaowanyima wenzao hata msaada mdogo. Na ya kuwa Ibn Masud, Sahaba wa Mtume, alilieleza neno hilo kwa vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Na Ikrima akasema ya kuwa la juu yake ni zaka, na la chini yake ni chekecheo, ndoo na sindano. Nikawauliza, "Na kwetu je?" Wakataja ungo, kinu, mchi, na mbuzi ya kukunia nazi. Nikafurahi mno kwa werevu wao.

Baada ya swala ya alasiri, saa ambayo katika miji yetu ya pwani kila nyumba hukuna nazi, nilikuwa nimekaa uani juu ya mbuzi yangu, nikimsaidia mama watoto. Mara nikasikia hodi. Alikuwa mtoto wa jirani, mmoja wa wanafunzi wangu, naye nikajua alilotumwa. Nyumba ile iliwahi kukaa na mbuzi yangu siku nane, ikarudi na meno butu. Basi nikaisukuma nazi nyuma ya kinu, nikaishusha kanzu yangu mpaka ikafunika kibao na chuma chake.

"Shikamoo, mwalimu. Mama anaomba mbuzi ya nazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi imeazimwa."

Mtoto akatazama chini, khalafu akasema kwa adabu, "Mwalimu, kanzu yako imeota meno."

Nikainuka kwa haraka, na kanzu ikapasuka. Hakucheka. Laiti angalicheka! Aliinamisha kichwa akaondoka, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Hapo nikatambua ya kuwa mchana kutwa nimefunga chakula, na ulimi nimeufungua. Na lililonichoma zaidi ni hili: kweli ilikuwa rahisi kuliko uwongo. Ningalisema, "Naitumia, nikiisha nitakuletea," ingalinigharimu nini?

Nikamaliza nazi yangu, nikaichukua mbuzi mwenyewe hata kwao. Nikamkuta mama yake akiparura nazi kwa kisu, na kidole chake kimefungwa kitambaa. Nikaomba radhi mbele ya yule mtoto, maana mbele yake ndipo nilipokosa. Asubuhi yake chuoni tuliirudia sura ile, na safari hii mwalimu ndiye aliyesoma kwa sauti ndogo.

Wala waazimaji wasifurahi wakadhani haya ni ya wenye vyombo tu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaka kwenda Hunain mwaka wa 8 Hijria, aliazima deraya za vita kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hajasilimu. Safwan akauliza, je, ananyang'anywa? Akajibiwa ya kuwa la, ni azima yenye dhamana. Baadhi yake zilipopotea, Mtume alitaka kumlipa, na Safwan akasamehe. Tazama, ndugu yangu: jemadari mwenye jeshi anadhamini deraya za mtu asiye wa dini yake, na sisi twaona uzito kuosha sufuria ya jirani!

Basi aliyeazima na arudishe, hali chombo ki safi; na mwenye chombo na atoe, au aseme kweli kwa upole. Watoto wetu hawasomi chuoni tu. Husoma uani pia, na huko hakuna kanzu ndefu ya kuwafunika macho.

Ama mbuzi yangu, tangu siku ile yazunguka mtaani, na wiki hii sijui iko wapi. Aliye nayo na asome makala haya. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.