Akwariumu ya pleksi ya okazioni: mbele ya kulipa, ijazeni maji

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa koperative za samaki, kuna swali moja linaturudilia kila mara. Mu Bukavu, mu Goma, hata Uvira, wakati ofisi, hoteli ao nyumba ya mgeni inafungwa, vitu vyote vinauzwa: viti, friji, na mara ingine akwariumu kubwa ya pleksi. Muuzaji anajua kama munafuga kambale, basi anawaambia eti mutaanguliza mayai ndani yake na mutapata vifaranga vyenu wenyewe. Koperative inauliza: tutoe feza ya kasha ao hapana?

Tuanze na samaki. Yai la kambale linaanguliwa nyuma ya siku moja hivi, kama maji iko na joto la digri 25 mpaka 28. Kama maji ni digri 20, linapita siku mbili, na kuvu inapata nafasi ya kuingia. Yai zuima liko na rangi ya kijani-kahawia na linaangaza. Yai lililokufa linakuwa jeupe, na ni hapo kuvu inaanzia mbele ya kurukia mengine. Mtu mwenye kuona mayai meupe mapema anayafyonza na katiyo kadogo, anaokoa yanayobaki. Njo faida ya kasha linaloonekana ndani. Lakini niseme wazi: beseni pana la plastiki, na maji yanayotembea polepole, linaangusha vifaranga vilevile. Unaangalia toka juu, basi. Kwa hiyo akwariumu tunainunua kama bei yake ni ndogo na kama iko nzima. Ikiwa bei inafikia ile ya mabeseni kumi, nunueni mabeseni.

Kwanza mujue kama ni pleksi kweli. Gonga na kidole: kioo kinalia, pleksi inatoa sauti ya kufa. Gusa asubuhi: kioo ni baridi mkononi, pleksi si sana. Angalia ukingo: kioo cha kawaida kinaonyesha kijani. Pleksi ni plastiki ya akriliki, yenye ilianza kuuzwa kwa jina la Plexiglas kule Ujerumani mu miaka ya 1930. Kwa uzito, haifikii nusu ya kioo. Kasha la urefu wa santimita 120, upana 50 na kimo 50, lenye unene wa milimita 10, ni karibu kilo 27 za pleksi. La kioo lingepita kilo 55. Kwa njia zetu, na kamioni yenye kuruka kila shimo, hiyo ni jambo kubwa. Tena pleksi inapitisha joto kidogo kuliko kioo, karibu mara tano chini. Kwa watu wa milimani, kwenye usiku unaleta baridi, maji yatapoa polepole zaidi.

Sasa, mikwaruzo. Kila pleksi ya zamani iko na mikwaruzo, na wanunuzi wengi wanaikimbia juu ya hiyo. Musiikimbie. Chukua kitambaa chenye maji, lowanisha mahali pamekwaruzika upande wa ndani: mistari mingi inapotea machoni, juu maji inajaza ule mfereji mdogo. Kambale hajali kama ukuta unaangaza. Mkwaruzo ni sababu nzuri ya kupunguza bei, si sababu ya kuacha kasha.

Kitu cha kuogopa ni kingine. Weka kasha kwenye mwangaza wa jua, ulale macho sambamba na ukuta, utafute vistari vidogo vingi sana vyenye kujipanga sawa utando wa buibui, zaidi karibu na maungio. Ukipitisha kucha, hausikii kitu, kwa sababu viko ndani ya plastiki yenyewe. Vinatokea wakati kasha limebeba mzigo kupita nguvu yake, ao wakati mtu ameisafisha na pombe ya vidonda, asetoni, petroli, diliyanti ya rangi, ao sabuni ya vioo yenye amonia. Hakuna dawa ya ugonjwa huo. Kasha la namna hiyo linaweza kusimama miezi mitatu, kiisha linapasuka usiku na mayai yote. Liacheni hata kama wanawapa kwa bei ya kuku.

Angalieni pia ule mkanda wa juu. Akwariumu ya pleksi inakuwa na ukingo mpana wa pleksi juu, wenye kuzunguka pande zote. Watu wengine wanaukata ili mkono upite vizuri. Ukanda huo njo unashika kuta zisifunguke. Ukikatwa, kuta zinatoka nje sawa tumbo. Kuhusu unene, kwa kasha la kimo cha santimita 50 lenye kupita mita moja ya urefu, mimi sishauri chini ya milimita 10. Nguvu ya maji inaenda na kimo, haiendi na wingi. Kasha refu na fupi kwa kimo linaumia kidogo kuliko lile la kusimama.

Halafu jaribio la maji, na hapa koperative zisione haya. Mukubaliane na muuzaji mutoe avansi kidogo, kasha lisimame kwake, lijazwe. Siku ya kwanza nusu, ya pili robo tatu, ya tatu mpaka karibu na juu. Weka magazeti kavu chini ya maungio yote: karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halioni. Pima na kamba katikati ya ukuta, mbele na nyuma ya kujaza. Pleksi inatoka nje kidogo, ni kawaida yake. Lakini kama kesho yake imetoka kuliko jana na maji hayakuongezwa, achana nayo. Muuzaji akikataa jaribio, amewajibu tayari. Na chini ya kasha kuwe ubao mmoja wa sawasawa, wenye kushika sakafu yote ya kasha. Kioo kinaweza kukaa juu ya kingo zake. Pleksi inataka kubebwa kila mahali. Juu ya ubao tandika sponji nyembamba, upime na nivo ya fundi mwashi. Kasha nililosema hapo juu linabeba litri 300, maana yake kilo 300 za maji, na meza ya kawaida haitaki hiyo.

Kama linavuja kidogo kwenye maungio, linaweza kutengenezwa, lakini si na silikoni. Silikoni inashika kioo vizuri. Kwenye pleksi inashika miezi kadhaa, kisha inabanduka sawa ngozi ya mtu aliyeungua. Pleksi inaungwa na gundi ya maji-maji yenye kuyeyusha plastiki ili vipande viwili vikuwe kimoja. Watengenezaji wa mabango ya butike mu mji wanaijua kazi hiyo na wanakuwa na gundi. Muwaite wao. Moshi wake ni mbaya, kazi ifanyike nje, mbali na watoto na mbali na moto. Maungio yawe makavu kabisa siku kadhaa mbele, na njia ya uhakika zaidi ni kuongeza kipande chembamba cha pleksi ndani ya kona yote. Kama ufa uko katikati ya ukuta, chini ya maji, musilipe kitu.

Kupiga polishi ni kwa wale wanaotaka, na muanze na ukuta mmoja wa mbele. Kazi inafanywa na papye-emeri ya maji: namba 600, kiisha 800, 1000, 1500, 2000, kila moja mpaka mistari ya ile ya nyuma ipotee. Maji mengi, mkono mwepesi, bila kukaa mahali pamoja, kwa sababu pleksi ikipata moto inalainika. Mwisho, polishi ya plastiki, ao dawa ya meno nyeupe kwa mikwaruzo midogo. Ukuta mmoja unakula nusu siku ya watu wawili. Kuta za nyuma na za pembeni, ziacheni.

Usafi ni lazima kwa wote. Ile chokaa nyeupe kwenye mstari wa maji inatoka na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: kitambaa kilowane, kikae juu yake saa moja, kisha kusugua na kitambaa laini. Hakuna mchanga, hakuna sponji ya chuma. Na musiiache chokaa hiyo, juu kama mwenye kasha alitia dawa ya samaki yenye shaba, mabaki yake yanaweza kujificha ndani. Muulizeni: uliweka dawa gani? Kasha lilikaa kwenye depo gani? Kama lilikaa pamoja na dawa za wadudu, ni hatari kubwa zaidi. Nyuma ya siki, suuza, tia Javel kidogo sana ndani ya maji, muda wa robo saa, suuza mara tatu, kausha mpaka harufu ipotee.

Wakati wa kuangulia, musijaze kasha. Santimita 20 mpaka 25 za maji zinatosha mayai, na zinasaidia kasha la kuzeeka: ukigawa kimo cha maji mara mbili, nguvu yote yenye kusukuma ukuta inashuka mpaka robo. Kama kuna umeme na munatumia chuma cha kupasha maji, kisiguse pleksi. Bila umeme, zungusha kasha na blanketi usiku na uache upande mmoja wa kuangalia.

Mbele ya kuweka mayai, tia tilapia wadogo watano, wakae siku tatu. Wakiishi na kula, endelea. Wakipanda juu kuhema ao wakalala ubavu, rudieni kuosha. Na kitambaa cha kutandikia mayai kisiwe chandarua cha kulalia chenye kutolewa bure mu kampeni. Vyandarua hivyo viko na dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo inaua samaki wadogo kwa haraka sana. Nunua neti ya dukani isiyo na dawa, uioshe, uikaze juu ya fremu ya mbao, na ukishaona vifaranga vimeteremka chini, utoe neti pamoja na maganda na mayai meupe yote siku hiyohiyo.