Kumfunza Mtu Mwenye Ulemavu wa Akili: Njia Iliyothibitika

Wazazi, walezi na viongozi wa mitaa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wanafahamishwa kuwa ulemavu wa akili si wazimu wala laana. Ni hali inayodhihirika utotoni, ambapo mtoto huchelewa kujifunza, kusema na kujitegemea kuliko wenzake wa rika lake. Hakuna dawa wala kafara inayoiondoa. Kinachotibika ni kifafa, ambacho mara nyingi huambatana nayo. Mwenye kifafa apelekwe Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, si kwa muuza hirizi.

Hata hivyo, kukosa dawa si kukosa msaada. Mwaka 1972, nchini Marekani, mtaalamu Marc Gold alichapisha matokeo ya utafiti juu ya vijana wenye ulemavu wa akili waliofundishwa kuunganisha breki za baiskeli, kazi yenye vipande vingi ambayo hata mtu mzima asiyeizoea hukwama. Karibu wote waliiweza. Kazi iligawanywa katika hatua ndogo ndogo, na kila hatua ikarudiwa mpaka ikakaa mkononi. Tafiti nyingi zilizofuata zimeithibitisha njia hiyo.

Mzazi anayeanika dagaa Katonga anaweza kuifuata bila gharama. Kumwambia kijana "saidia kuanika" ni kumtwisha kazi nyingi kwa neno moja. Aanzishwe na hatua ya mwisho, yaani kutia guniani dagaa waliokwisha kukauka, ili aione kazi ikikamilika mikononi mwake; akishaimudu, afundishwe kuwaanua, kisha kuwageuza, na hatimaye kuwatandaza wasirundikane. Ashikwe mkono pale tu anapokwama, na asifiwe papo hapo. Afundishwe mchangani penye dagaa wenyewe, kwa kuwa la chumbani mara nyingi hulisahau afikapo nje. Mzazi aweke alama daftarini kila kijana anapofanya bila kusaidiwa. Wiki mbili zikipita bila alama kuongezeka, hatua hiyo ni kubwa mno na igawanywe tena. Kosa hapo ni la mafunzo, si la kijana.

Fimbo haina nafasi. Asiyeweza kusema huenda akapiga wengine au kujiuma kwa sababu ya njaa, maumivu au kelele zilizomzidi. Ichunguzwe ni nini hutangulia, kisha apewe ishara ya mkono au picha ya kuombea anachotaka.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya elimu. Walimu wa elimu maalumu hufunzwa katika Chuo cha Patandi, Arusha. Lakini mwalimu hawezi kumfundisha mtoto aliyefungiwa ndani siku ya uandikishaji. Mzazi amfikishe kwa mwalimu mkuu au afisa ustawi wa jamii, akichukua kadi ya kliniki pamoja na daftari lile la alama.