Kabla ya Kulitoa Gari Kuukuu kwa Shirika la Hisani

Nchini Marekani ni desturi ya miaka mingi kwa familia iliyopata gari jipya kulitoa lile la zamani kwa shirika la hisani. Matangazo ya redio na ya kando ya barabara huahidi kwamba gari litafuatwa nyumbani bila malipo, hata kama haliwaki, na kwamba mtoaji atapata nafuu ya kodi. Kwa mwenye saluni iliyochoka, ambayo fundi ameshasema kuitengeneza ni ghali kuliko thamani yake, ahadi hiyo huvutia sana.

Makala haya tumewaandikia wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani. Hatukusudii kumzuia mtu kutoa. Kutoa ni jambo jema. Tunalosisitiza ni kwamba gari huweza kuondoka uani kwako kwa nusu saa, ilhali jina lako likabaki juu yake kwa miezi mingi, na fedha zake zikaishia mikononi mwa watu usiowakusudia. Yote mawili yanaweza kuzuiliwa kabla funguo hazijatoka mkononi mwako.

Gari huenda wapi

Mashirika machache hulitumia gari lenyewe. Mara nyingi gari hukabidhiwa kampuni ya wakala, ambayo hulikokota, hulipeleka mnadani au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hukata gharama za usafirishaji, matangazo na ujira wake, kisha hulipa shirika kinachosalia. Utaratibu huo ni halali. Jambo la kupima ni kiasi kinachosalia.

Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa kwa hisani. Kwa takriban theluthi mbili ya magari hayo, shirika lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliidai katika hesabu yake ya kodi. Lori moja la mwaka 1983 liliuzwa mnadani kwa dola 375. Baada ya wakala na watangazaji kulipwa, shirika lilipata dola 31 na senti 50. Bunge lilibadili sheria mwaka uliofuata. Lakini sheria hiyo ilibana kiasi anachoweza kudai mtoaji. Haikuweka kikomo cha ujira wa wakala. Ulinzi wa sadaka yako, kwa hiyo, bado uko katika maswali unayouliza wewe mwenyewe.

Nafuu ya kodi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa

Tuchukue mfano wa familia yenye gari la mwaka 2006, ambalo kwa bei ya soko lingeweza kuuzwa dola 2,500. Wanalitoa, na wakala analiuza mnadani kwa dola 900. Kwa kawaida kiasi wanachoruhusiwa kudai ni dola 900 zilizopatikana katika mauzo, wala si dola 2,500. Gari likiuzwa kwa dola 500 au pungufu, wanaweza kudai bei yake ya soko, mradi isizidi dola 500.

Thamani kamili ya soko inaruhusiwa katika hali chache: shirika likilitumia gari kwa kiasi kikubwa katika kazi zake, kama vile kuwapelekea wazee chakula, likilifanyia matengenezo makubwa yanayoongeza thamani yake, au likimpa au kumuuzia mhitaji kwa bei ya chini sana ili apate usafiri. Kuosha, kupaka rangi na kunyoosha bodi hakuhesabiwi kuwa matengenezo makubwa.

Tena, kiasi hicho hakikatwi kwenye kodi yenyewe. Hukatwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa familia inayotozwa kiwango cha asilimia 12, dola 900 huleta nafuu isiyozidi dola 108. Na hata hizo huzipata wale wanaoorodhesha matumizi yao moja moja katika hesabu ya kodi. Familia nyingi hazifanyi hivyo, kwa kuwa huchukua punguzo la kawaida linalotolewa na serikali, ambalo kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 31,500 kwa mume na mke wanaowasilisha hesabu pamoja. Familia ya namna hiyo haipati nafuu yoyote ya kodi kwa kutoa gari. Basi na itoe kwa moyo wa kutoa, bali isiahidiwe kitu ambacho haitakipata.

Ukidai zaidi ya dola 500, shirika linapaswa kukupa stakabadhi ya maandishi, ambayo kwa kawaida ni Fomu 1098-C, ndani ya siku 30 tangu gari lilipouzwa, au tangu ulipolitoa ikiwa shirika litalitumia au kumpa mhitaji. Bila stakabadhi hiyo dai lako halitakubaliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ondoa jina lako

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Karibu kila gari Marekani lina hati ya umiliki inayotolewa na jimbo, inayofanana na kadi ya gari ya Tanzania. Madereva wa magari ya kukokota huweza kukuomba utie saini na kuacha nafasi ya jina la mpokeaji wazi. Usikubali. Hati ya namna hiyo huweza kupita mikono mingi bila kusajiliwa, na serikali huendelea kukuhesabu wewe kuwa mwenye gari. Faini za maegesho na ushuru wa barabara vitakuja kwako. Na gari likihusika katika ajali au uhalifu, mlango wa kwanza kugongwa utakuwa wako.

Fuata hatua hizi:

1. Andika jina kamili la shirika, au la wakala aliyeidhinishwa nalo kwa maandishi, katika nafasi ya mpokeaji. Jaza tarehe na maili zilizotembewa, kisha piga picha pande zote mbili za hati.

2. Kama hati ina majina mawili, uliza katika idara ya magari ya jimbo lako iwapo saini zote mbili zinahitajika. Kama gari lina deni, lipa kwanza na upate barua ya kufutwa kwa deni.

3. Iarifu idara ya magari kwamba umelitoa gari. California hutaka taarifa hiyo ndani ya siku 5. Texas hutoa siku 30. Ifanye siku ileile, na uhifadhi uthibitisho.

4. Uliza kuhusu vibao vya namba. Katika baadhi ya majimbo hubaki na gari. Katika mengine ni lazima uving'oe. Ondoa pia kifaa cha kulipia ushuru wa barabara na karatasi zote zenye anwani yako.

5. Usifute bima mpaka umeshakabidhi gari na kutoa taarifa.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kukubali gari lifuatwe, pigia shirika lenyewe, si namba iliyo katika tangazo, uulize haya:

Je, mtalitumia gari, mtampa mhitaji, au mtaliuza? Likiuzwa, shirika litapata asilimia ngapi ya bei, au ni kiasi maalumu kwa kila gari? Ni nani atakayekuja kulichukua, na jina gani litaandikwa katika hati? Kazi mnayoifanya hufanyika wapi, na kwa ajili ya nani?

Shirika la kweli halitaudhika kwa maswali haya. Likijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta jingine. Hakikisha pia kwamba shirika linatambuliwa na Idara ya Mapato ya Marekani, IRS, kwa kulitafuta katika orodha yake ya mashirika yasiyotozwa kodi. Makanisa na misikiti huweza kustahili hata kama hayamo katika orodha hiyo.

Njia nyingine za kutoa

Kama unaweza kuliuza gari mwenyewe, huenda ukapata bei nzuri kuliko ya mnadani, kisha ukalipa shirika fedha taslimu bila wakala kukata chochote. Unaweza pia kumpa gari jirani au ndugu aliyewasili karibuni na anayehitaji kwenda kazini. Tendo hilo halina nafuu ya kodi, lakini utamjua aliyefaidika. Mweleze kwa uaminifu ubovu uliopo: gari lenye breki mbovu si zawadi kwa mtu yeyote.

Wapo wanaofikiria kulisafirisha gari hadi nyumbani, kwa ajili ya parokia au madrasa. Tunawashauri waulize kwanza forodha za nchi husika. Kenya, kwa mfano, hairuhusu magari yaliyozidi miaka minane kuingizwa, na hutaka usukani uwe upande wa kulia. Isitoshe, zawadi inayotolewa moja kwa moja kwa shirika la nchi ya nje kwa kawaida haina nafuu ya kodi Marekani.

Ukiona dalili za udanganyifu, peleka malalamiko kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako, ambayo katika majimbo mengi ndiyo inayosimamia mashirika ya hisani. Ambatisha nakala ya hati, stakabadhi, na jina la aliyelichukua gari. Yatunze makaratasi hayo kwa muda usiopungua miaka mitatu baada ya kuwasilisha hesabu yako ya kodi.