Kazi ya kuwa nguli

Mei 29, 1968, Wembley. Fainali ya Kombe la Ulaya inaelekea ukingoni, Manchester United na Benfica ni 1-1, na Eusébio amebaki yeye na kipa. Anaachia kombora, Alex Stepney analidaka kifuani. Eusébio hashiki kichwa wala halalamiki. Anasimama na kumpigia kipa makofi. Katika muda wa nyongeza United walipachika matatu na kuondoka na kombe kwa mabao 4-1.

Wachezaji watatu wa usiku ule wanatosha kueleza biashara nzima ya magwiji. Bobby Charlton, nahodha wa United, alifunga mawili. Nobby Stiles alipewa kazi ya kumganda Eusébio, kazi aliyokwisha kuifanya miaka miwili kabla, England ilipoitoa Ureno katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wa tatu ni Eusébio mwenyewe, kijana wa mtaa wa Mafalala, katika mji ambao leo ni Maputo. Wote watatu wanaitwa magwiji. Yaliyowakuta baada ya kutundika daluga hayafanani hata kidogo, na si kipaji peke yake kilicholeta tofauti.

Kuna mambo mawili ambayo kurasa zetu za michezo huyachanganya. Ungwiji hutolewa na jukwaa: hauna fomu, hauna mshahara, na mwenyekiti wa klabu hawezi kuugawa. Ubalozi hutolewa na ofisi, nao una mkataba, siku za kazi, malipo na vipengele vya kuuvunja. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Aprili 2018 Liverpool ilimtangaza Michael Owen kuwa balozi wake wa kimataifa, na mashabiki wengi wakaja juu. Mabao yake 158 walikuwa wanayakumbuka vizuri, ila na jezi ya Manchester United aliyoivaa mwaka 2009 walikuwa wanaikumbuka pia. Luís Figo alipohama Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000 alifuta kwa saini moja kila alichokuwa amekijenga Camp Nou. Aliporudi huko Novemba 2002 akiwa na jezi nyeupe alirushiwa hadi kichwa cha nguruwe. Hakuna mkataba wa ubalozi unaoweza kutibu hilo.

Sasa balozi hufanya nini hasa? Zaidi ya yote, anauza muda wake. Benki au kampuni ya bia inapoidhamini klabu kubwa ya Ulaya hainunui kifua cha jezi tu. Inanunua pia siku za watu: siku ya kupiga picha, siku ya chakula cha jioni na wateja wakubwa, siku ya kuzindua tawi jipya. Mchezaji wa sasa ana mechi zinazokaribia hamsini kwa msimu, ana mazoezi na safari, na ana kocha asiyetaka kusikia habari za hafla. Mstaafu anapanda ndege Jumanne, Jumatano yuko Singapore au Nairobi. Halafu kuna suala la umri, ambalo watu wa masoko hulijua ingawa hawalitangazi. Anayeidhinisha fedha za udhamini mara nyingi ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Picha aliyobandika ukutani enzi za shule ilikuwa ya Ian Rush au John Barnes, siyo ya kinda anayefunga mabao leo. Mkalishe meza moja na Barnes uone mazungumzo yanavyolainika.

Nyumbani nako kuna kazi. Siku ya mechi, katika kumbi za wageni wanaolipa ghali pale Old Trafford au Anfield, wachezaji wa zamani hupita meza kwa meza: salamu, picha, kisa kimoja cha fainali fulani, kisha meza inayofuata. Ukiitazama kwa haraka ni starehe. Ni kazi ya kuongea, na wapo waliokuwa mafundi wa mpira ambao hawaiwezi kabisa.

Kuna kazi nyingine isiyopimika kwa siku wala kwa meza. Julai 6, 2009 Real Madrid ilimtambulisha Cristiano Ronaldo, aliyenunuliwa kwa euro milioni 94, mbele ya watu wapatao 80,000 waliofurika Bernabéu kumwona kijana akipigapiga danadana. Jukwaani walikuwapo wazee wawili. Mmoja ni Alfredo Di Stéfano, aliyekuwa ametimiza miaka 83 siku mbili kabla, rais wa heshima wa klabu tangu mwaka 2000. Wa pili ni Eusébio, ambaye hakuwahi kuichezea Madrid hata dakika moja. Tena aliwahi kuiumiza: fainali ya Kombe la Ulaya ya 1962 Benfica iliifunga Madrid 5-3, yeye akiwa na mabao mawili. Di Stéfano ndiye aliyekuwa shujaa wake tangu utotoni, na Eusébio alisimulia mara nyingi jinsi alivyoiomba jezi yake baada ya mechi ile, na akapewa.

Rais wa Madrid, Florentino Pérez, alijua alichokuwa anakifanya. Bei ile ilikuwa inazua maneno dunia nzima. Kwa kumsimamisha Mreno mpya katikati ya Mreno mkubwa kuliko wote na mtu aliyeiletea Madrid makombe matano ya Ulaya mfululizo, klabu iligeuza ununuzi kuwa urithi. Wazee wale hawakuhitaji kuhutubia. Kuwapo kwao kulitosha. Ronaldo akapewa namba 9, namba ya Di Stéfano, kwa kuwa 7 ilikuwa bado mgongoni mwa Raúl.

Turudi kwa wale watatu wa Wembley. Benfica ilimtendea Eusébio kwa namna ambayo mimi naiona ni ya kupigiwa mfano, ijapokuwa ilichelewa. Alipoondoka mwaka 1975 goti la kushoto lilikuwa limepitia visu vya madaktari mara kadhaa, naye akahangaika Marekani, Mexico, Canada na klabu ndogo za Ureno akitafuta riziki. Baadaye klabu ilimrudisha nyumbani. Mwaka 1992, akitimiza miaka 50, sanamu yake ilizinduliwa nje ya uwanja. Akawa anasafiri na Benfica na timu ya taifa, anakaa mstari wa mbele, anapokea wageni. Ureno ilipoandaa Euro 2004 alikuwa sura ya mashindano. Alipofariki Januari 5, 2014 serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na jeneza lake likazungushwa katika uwanja wa Luz. Wiki moja baadaye Benfica iliikabili Porto, na kila mchezaji wa Benfica alikuwa na jina Eusébio mgongoni. Walishinda 2-0.

Charlton alipata zaidi ya ubalozi: alipata kiti. Aliingia bodi ya wakurugenzi ya United mwaka 1984, na miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa waliounga mkono kuajiriwa kwa Alex Ferguson. Mtu aliyenusurika katika ajali ya ndege ya Munich ya Februari 1958, iliyoua watu 23, akiongea kwenye kikao kuhusu subira, ni nani angempinga? Miaka ya mwanzo ya Ferguson ilikuwa migumu, na kuwa na mtu wa namna hiyo ndani ya bodi ni kinga ambayo makocha wengi hawana. Mwaka 2016 jukwaa la kusini la Old Trafford likapewa jina lake.

Na Stiles? Baada ya soka alifundisha Preston na West Bromwich Albion, kisha kuanzia 1989 hadi 1993 akawa mwalimu wa vijana United, miaka ileile ambayo kundi la Beckham na Scholes lilikuwa linapikwa. Baada ya hapo aliishi kwa kualikwa kuzungumza kwenye hafla. Oktoba 2010, akiwa amepata kiharusi na akiifikiria familia yake, alipeleka medali zake mnadani. Ya Kombe la Dunia la 1966 na ya Wembley 1968 zilinunuliwa na Manchester United yenyewe, kwa zaidi ya pauni 200,000, zikawekwa kwenye makumbusho ya klabu.

Sikilizeni, mimi siisuti klabu kwa kununua; bora huko kuliko kabati la tajiri asiyejulikana. Ila tazameni mwelekeo wa fedha. Makumbusho hulipisha kiingilio. Kumbukumbu ya Stiles ilikuwa na thamani kwa klabu miaka yote ile, na njia aliyoipata ya kuigeuza kuwa pesa ya maana ni kuiuza moja kwa moja. Kizazi chake kilitoka katika soka ambamo hadi 1961 sheria za ligi ya England ziliweka ukomo wa mshahara wa pauni 20 kwa wiki. Stiles alifariki Oktoba 2020 akiwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Charlton, aliyefariki Oktoba 2023, alikuwa na ugonjwa huohuo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine wa kufa kwa magonjwa ya ubongo ya aina hiyo. Mpira wa kichwa ndio unaotiliwa shaka zaidi.

Ukitaka kujua pesa iliyopo upande wa pili wa kaunta, kumbuka Oktoba 2024. United, chini ya wasimamizi wapya waliokuwa wanabana matumizi, iliamua kusitisha mkataba wa ubalozi wa Ferguson, ambao vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti ulikuwa wa zaidi ya pauni milioni mbili kwa mwaka. Yeye alikuwa kocha wa klabu hiyo, hakuwahi kuichezea, lakini funzo ni lilelile: ubalozi ni mstari kwenye bajeti, na mstari hukatwa.

Kwa ladha yangu mimi, Bayern Munich ndiyo iliyofanya vizuri kuliko wote, kwa mtu mmoja na bila kelele. Gerd Müller aliporudi kutoka Marekani alizama kwenye pombe. Uli Hoeneß, mchezaji mwenzake wa zamani aliyekuwa meneja wa klabu, alimsaidia kupata matibabu, kisha klabu ikampa kazi ya kila siku ya kufundisha vijana na kikosi cha pili, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2014. Alikuwa na filimbi, koni na vijana wa kusahihisha. Barcelona nayo ina chama cha wachezaji wake wa zamani tangu 1959, na moja ya shughuli zake ni kuwashika mkono waliokwama.

Biashara hii imeshafika kwetu. Agosti 2014 kikosi cha magwiji wa Real Madrid, Figo akiwamo, kilitua Dar es Salaam kucheza Uwanja wa Taifa na wachezaji wa zamani wa Tanzania, Rais Kikwete akiwa mwenyeji. Figo alikuwa ametundika daluga miaka mitano nyuma. Watu walilipa kiingilio wakamwone akitembeatembea na mpira.

Wale waliokuwa upande wa pili wa uwanja hawana soko la namna hiyo hata mjini kwao. Siyo kwamba kumbukumbu haipo. Muulize mwana Msimbazi yeyote kuhusu Julai 19, 1977, Simba 6 Yanga 0, akutajie Abdallah Kibadeni na mabao yake matatu. Nenda Nairobi useme "Kadenge na mpira", na mtu aliyezaliwa miaka thelathini baada ya Joe Kadenge kustaafu ataitikia. Sentensi ile ya utangazaji wa mpira redioni ilizunguka nchi nzima, na hakuna aliyewahi kumwekea Kadenge shilingi kila ilipotajwa.

Kwetu mlango wa kurudi klabuni ni benchi la ufundi. Kibadeni aliupita, akaifundisha Simba. Lakini benchi ni mahali pabaya pa kumtunzia gwiji, kwa sababu sare tatu zinatosha kumtoa kwa zomeo, na klabu inapoteza kocha na nguli kwa siku moja. Baraza la wazee lipo, ila humo hukaa wanachama na wapenzi wa siku nyingi. Kuwahi kucheza siyo sharti. Na ile kazi ya kuongea na umma, ambayo Ulaya hugawiwa mabalozi, hapa imechukuliwa na wasemaji. Haji Manara aliifanya kwa Simba hadi jina lake likawa kubwa kuliko la nusu ya kikosi, na mwaka 2021 akahamia Yanga, klabu ambako baba yake, Sunday Manara "Computer", aling'ara kabla ya kwenda kucheza Uholanzi miaka ya sabini. Msemaji anaweza kuvuka barabara kwenda kwa watani. Mfungaji wa 1977 hawezi, na kwa mdhamini hiyo ni bidhaa ngumu kuipata kwingine.

Mkataba wa kuanzia wa kumfanya gwiji kama huyo balozi haungekuwa mrefu. Siku kumi na mbili za kazi kwa mwaka, ya kwanza ikiwa Simba Day au Wiki ya Mwananchi. Malipo kwa kila siku, yalipwe na mdhamini kupitia klabu. Asilimia ya mauzo ya jezi za kumbukumbu zenye jina lake. Kifungu cha mwenendo, kwa maana Barcelona ilijikuta pabaya mwaka 2018 balozi wake Ronaldinho alipomuunga mkono hadharani Jair Bolsonaro, ikalazimika kumpunguzia shughuli. Na bima ya afya yake na ya mwenzi wake, ilipwe na klabu kila mwaka, akiwa anaweza kusafiri au hawezi.