Fahamu: Samaki hujuaje kumkwepa adui akiwa angali mchanga?

Papa aliye ndani ya yai hana pa kukimbilia. Anachoweza ni kujibana. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi walionyesha kwamba mayai ya papa wa jamii ya papa-mianzi yakipitishiwa umeme hafifu, unaofanana na ule wa samaki mwindaji, kijusi kilichokomaa huacha kupumua kwa muda na kutulia tuli.

Kwa samaki aliyekwisha kuanguliwa, mbinu hubadilika. Maabara nyingi humtumia samaki-pundamilia, kwa kuwa kinda wake ana mwili unaopitisha mwanga. Kinda wa siku chache huwekwa chini ya kamera ya kasi, kisha hurushiwa mtikisiko au huonyeshwa doa jeusi linalokua kwenye skrini. Hujikunja kama herufi C na kuchomoka. Agizo hilo mara nyingi hutoka kwa jozi moja tu ya seli kubwa za neva zilizoko katika sehemu ya nyuma ya ubongo!

Harufu nayo hupimwa. Mwaka 1938 mtafiti Karl von Frisch alieleza kwamba ngozi ya samaki aliyejeruhiwa hutoa kemikali inayowatimua wenzake.

Ila vipimo hivi vina mitego. Tafiti zilidai kwamba bahari yenye tindikali huwafanya makinda wa samaki wa matumbawe waifuate harufu ya mwindaji. Timu nyingine ilirudia majaribio hayo, ikayarekodi kwa video, na mwaka 2020 ikatangaza katika jarida la Nature kwamba haikuiona athari hiyo.