John Surtees: Bingwa wa Pikipiki Aliyetwaa Taji la Langalanga

John Surtees, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1934 katika kijiji cha Tatsfield, mkoa wa Surrey, ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki na pia wa mbio za magari ya langalanga, yaani Fomula 1. Kwenye pikipiki alitwaa mataji 7 kati ya mwaka 1956 na 1960. Kwenye magari alitwaa taji moja, mwaka 1964. Waliovuka kutoka magurudumu mawili kwenda manne ni wengi, na baadhi walifika mbali. Tazio Nuvolari wa Italia na Bernd Rosemeyer wa Ujerumani walianzia kwenye pikipiki kabla ya kutamba na magari, ila enzi zao ubingwa wa dunia wa langalanga ulikuwa haujaanzishwa. Mike Hailwood alikuwa na mataji 9 ya pikipiki, lakini hakushinda hata mbio moja ya Fomula 1. Johnny Cecotto wa Venezuela, bingwa wa dunia wa pikipiki za cc 350 mwaka 1975, aliingia langalanga mwaka 1983, na msimu uliofuata akavunjika miguu katika ajali iliyokatisha safari yake ya Fomula 1.

Simulizi nyingi kuhusu Surtees husifu ujasiri wake. Ujasiri alikuwa nao, lakini hata wapinzani wake hawakuwa waoga. Kilichomtenga nao ni ufundi. Baba yake, Jack Surtees, alikuwa na duka la pikipiki kusini mwa London na alishiriki mashindano ya pikipiki zenye kigari cha ubavuni. Mtoto alikulia kati ya spana na harufu ya oili. Akiwa na miaka 14 hivi alipanda kwenye kigari cha baba yake mashindanoni, kazi yake ikiwa kuegemea huku na huku ili chombo kisipinduke konani. Wakashinda, kisha wakanyang'anywa ushindi kwa sababu kijana hakuwa ametimiza umri. Alipofika miaka 16 aliingia uanagenzi katika kiwanda cha pikipiki cha Vincent mjini Stevenage, akajifunza kufungua injini, kuipima na kuifunga upya. Mwaka 1951, akiendesha Vincent yake katika uwanja wa Thruxton, alimkimbiza Geoff Duke, nyota mkubwa wa Uingereza wakati huo, na jina lake likaanza kuandikwa magazetini.

Baada ya kuendesha pikipiki za Norton mwaka 1955, alichukuliwa na MV Agusta, kampuni ya Italia iliyokuwa na pikipiki ya cc 500 yenye silinda nne. Ilikuwa na nguvu nyingi, ila ilikuwa vigumu kuituliza konani. Surtees hakuridhika kuendesha tu alichopewa. Alikaa na mafundi, akawaeleza kinachotokea kwenye fremu, springi na tairi kila kona, na akashika msimamo mpaka wakarekebisha. Waitaliano wakampa jina la mwana wa upepo.

Mbio za pikipiki za wakati huo zilidai mengi kabla hata injini haijawaka. Katika mashindano mengi, waendeshaji walisimama kando ya pikipiki zilizozimwa. Bendera ikishuka, kila mmoja aliisukuma yake akikimbia, akaachia klachi ili injini ishike, kisha akarukia kiti huku chombo kimeshaanza kuondoka. Aliyekosea aliachwa akiendelea kusukuma wenzake wakitokomea. Katika Kisiwa cha Man, mahali pa mashindano maarufu ya TT, mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 60 za barabara za kawaida, zinazopita vijijini, kando ya kuta za mawe na juu ya mlima. Mwaka 1956, wakati wa mazoezi, Surtees aligonga ng'ombe aliyeingia barabarani na pikipiki yake ikaharibika. Akachukua ya pili na kushinda mbio kuu za TT.

Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa cc 500 kwa mara ya kwanza, ingawa alivunjika mkono nchini Ujerumani kabla msimu haujaisha. Ni haki kutaja pia kwamba Duke alikosa mbio za mwanzo kwa sababu alifungiwa, baada ya kuwaunga mkono waendeshaji wadogo waliogoma wakidai malipo bora. Mwaka 1957 taji lilikwenda kwa Libero Liberati wa kampuni ya Gilera. Kisha Gilera, Moto Guzzi na Mondial zikajitoa katika mashindano, na MV ikabaki bila mpinzani mkubwa. Katika miaka mitatu iliyofuata Surtees alishinda mbio 32 kati ya 39, akatwaa mataji ya cc 350 na cc 500 mwaka 1958, 1959 na 1960. Upinzani ulikuwa umepungua, hilo ni kweli, lakini katika Kisiwa cha Man adui wa kwanza alikuwa barabara yenyewe, na huko alishinda mbio kuu miaka mitatu mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Kilichomsukuma kwenye magari kilianza na mkataba. Surtees alipenda kushindana kila wiki, na alitaka kutumia pikipiki zake mwenyewe za Norton katika mashindano madogo ya nyumbani. Domenico Agusta, mmiliki wa MV, alikataa. Mkataba, hata hivyo, haukutaja magari. Timu kadhaa za Uingereza zilikuwa zimeshampa nafasi ya kujaribu magari yao, na mwezi Machi 1960 akaingia mbio zake za kwanza katika uwanja wa Goodwood, akiwa na gari dogo la Cooper la Ken Tyrrell. Alimaliza wa pili, nyuma ya dereva Jim Clark. Miezi miwili baadaye alikuwa ndani ya Lotus katika mbio za langalanga za Monaco, huku akiendelea kutetea mataji yake ya pikipiki. Katika mbio zake za pili za langalanga, Silverstone, alikuwa wa pili. Katika za tatu, mjini Porto, Ureno, alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, akaongoza, mpaka petroli iliyokuwa ikivuja ikalowesha pedali, mguu ukateleza na gari likagonga ukingo wa barabara.

Aliyetoka kwenye pikipiki alilazimika kujifunza upya karibu kila kitu. Kwenye pikipiki, mwili ni sehemu ya chombo: mwendeshaji hulala upande, huhamisha uzito, hufungua mafuta kwa mkono na hugawa breki ya mbele na ya nyuma kwa viungo tofauti. Kwenye gari la langalanga la miaka ya 1960 alilala chali kati ya matangi ya petroli, na kazi ya mafuta na breki ikahamia miguuni. Pikipiki ikipoteza mshiko wa tairi la mbele, mara nyingi mwendeshaji ameshaanguka, hivyo hujifunza kuingia konani kwa upole na kuchagua njia pana. Gari linaweza kuteleza kwa matairi yote manne na bado likarudishwa, na anayelielewa huutumia mtelezo huo kuligeuza. Mwanzoni Surtees aliharibu magari kadhaa akitafuta mpaka huo. Yaliyovuka pamoja naye ni ustadi wa kusoma barabara iliyolowa, kuhisi mshiko wa tairi na kumweleza fundi ugonjwa wa chombo.

Mwisho wa mwaka 1960 aliacha pikipiki akiwa na miaka 26 tu, bado bingwa. Misimu miwili iliyofuata aliendesha Cooper na Lola bila kushinda mbio za ubingwa. Mwaka 1963 akajiunga na Ferrari, na mwezi Agosti akapata ushindi wake wa kwanza wa langalanga katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, wenye mzunguko wa karibu kilomita 23 msituni. Uwanja huo ulifanana na barabara alizozizoea kwenye pikipiki kuliko mwingine wowote.

Msimu wa 1964 ulianza vibaya. Ferrari ilielekeza nguvu kwenye mbio za saa 24 za Le Mans kwanza, na nusu ya msimu ilipopita Surtees alikuwa na pointi 10 tu, huku wapinzani wake Clark na Graham Hill wakiwa na 30 na 26. Le Mans ilipokwisha, gari likaboreshwa. Akashinda Ujerumani, akashinda Italia, akawa wa pili Marekani. Mbio za mwisho zilifanyika Mexico City tarehe 25 Oktoba. Hill alifika na pointi 39, Surtees 34, Clark 30. Magari ya Ferrari yalikuwa na rangi nyeupe na buluu badala ya nyekundu, kwa kuwa Enzo Ferrari alikuwa amegombana na wasimamizi wa michezo ya magari wa Italia na kukataa kushindana kwa rangi za nchi yake.

Clark aliongoza tangu mwanzo. Hill aligongwa na Lorenzo Bandini, mwenzake Surtees katika Ferrari. Mabomba yake ya moshi yakabonyea, akalazimika kuingia kutengenezwa na kupoteza nafasi ya kupata pointi. Taji lilionekana limekwenda kwa Clark. Lakini oili ilikuwa ikivuja kwenye injini yake, na zikiwa zimebaki dakika chache baada ya takriban saa mbili za mbio, gari likamfia. Dereva mwingine, Dan Gurney, akashika uongozi, Bandini akawa wa pili na Surtees wa tatu. Kwa hesabu hiyo bingwa angekuwa Hill. Wakuu wa Ferrari wakampungia Bandini apunguze mwendo. Akapunguza, Surtees akapita, akamaliza wa pili na kufikisha pointi 40. Hill alikuwa amekusanya 41 kwa jumla, ila kanuni za wakati huo zilihesabu matokeo sita bora tu, na kwa hesabu hiyo alibaki na 39. Taji likaamuliwa kwa pointi moja. Wapo waliosema ni bahati, na bahati ilikuwepo, lakini nusu ya pili ya msimu Surtees alishinda mara mbili na kuwa wa pili mara mbili katika mbio tano.

Mwezi Septemba 1965, akifanya mazoezi na gari la Lola T70 katika uwanja wa Mosport nchini Kanada, kifaa cha gurudumu la mbele kilivunjika. Aliumia vibaya uti wa mgongo na nyonga, na upande mmoja wa mwili ukabaki mfupi kuliko mwingine mpaka madaktari walipouvuta. Kufikia majira ya joto ya 1966 alikuwa amerudi Ferrari na kushinda mbio za Ubelgiji huko Spa, siku ambayo mvua iliwatoa wengi barabarani katika mzunguko wa kwanza tu. Wiki hiyohiyo alifika Le Mans, meneja wa timu, Eugenio Dragoni, akambadilishia mpango wa madereva. Surtees akagombana naye, akaondoka Ferrari na hakurudi. Alimaliza msimu akiwa wa pili duniani, akishinda mbio za Meksiko kwa gari la Cooper, na mwaka huohuo akawa bingwa wa kwanza wa mashindano ya Can-Am huko Amerika Kaskazini. Ugomvi ule uliwagharimu wote wawili: Ferrari haikuwa na mwingine wa kumzuia Jack Brabham asitwae taji, na Surtees hakupata tena gari bora kama lile. Msimamo uleule uliomfaa mbele ya mafundi wa MV ulimponza mbele ya wakubwa wa Ferrari.

Akiwa na Honda, alishinda mbio za Italia mwaka 1967 kwa sekunde 0.2 mbele ya Brabham, na gari lililoundwa haraka kwa msaada wa Lola. Mwaka uliofuata Honda ilileta gari jipya lenye bodi ya magnesi na injini iliyopozwa kwa hewa. Surtees alilijaribu, akasema halijawa tayari na akakataa kushindana nalo. Kampuni ikamkabidhi Mfaransa Jo Schlesser katika mbio za Rouen mwezi Julai 1968. Katika mzunguko wa tatu liliacha njia, likawaka moto, na Schlesser akafariki. Surtees alimaliza wa pili siku hiyo kwa gari la zamani. Mwisho wa msimu Honda ikajitoa.

Kuanzia 1970 aliendesha magari ya langalanga aliyoyaunda mwenyewe, na mwaka 1972 akastaafu udereva akiwa na ushindi 6 katika mbio 111 za ubingwa. Timu yake haikuwahi kushinda mbio za ubingwa wa Fomula 1, na kwa uhaba wa fedha ikafungwa mwaka 1978. Mafanikio yake makubwa aliyaleta Hailwood, bingwa mwenzake wa pikipiki, aliyekuwa bingwa wa Ulaya wa Fomula 2 mwaka 1972 na wa pili katika mbio za Italia mwaka huo. Mwaka 1973 huko Kyalami, Afrika Kusini, Hailwood aliruka kutoka gari lake la Surtees, akaingia motoni na kumvuta Clay Regazzoni aliyekuwa amenaswa. Kwa kitendo hicho alitunukiwa nishani ya George.

Tarehe 19 Julai 2009 Henry, mtoto wa Surtees mwenye miaka 18, alifariki katika mbio za Fomula 2 huko Brands Hatch baada ya gurudumu lililochomoka kwenye gari jingine kumgonga kichwani. Baba yake alianzisha mfuko wenye jina la Henry, unaosaidia walioumia ajalini na kuwezesha helikopta za wagonjwa kubeba damu. John Surtees alifariki London tarehe 10 Machi 2017, akiwa na miaka 83. Mfuko huo unaendelea na kazi.