Msamaha wa Matibabu: Barua Peke Yake Haitoshi

Mkulima wa pamba wa Kibara hupata fedha zake katika msimu wa kuuza, lakini homa haina msimu. Hii ndiyo sababu malipo ya matibabu, hata yakiwa madogo, humlemea asiye na akiba.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliazimia kuwatibu wananchi bila malipo katika hospitali zake. Mwaka 1993 uchangiaji ulianzishwa, kwanza katika hospitali kubwa, kisha ukateremshwa wilayani. Pamoja nao uliwekwa msamaha wa namna mbili. Wa kwanza ni wa makundi, kama vile wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Wa pili ni wa maskini mmoja mmoja, ambaye hana budi kuthibitishwa kwamba hana uwezo.

Msamaha huu wa pili ndio wenye matatizo. Mimba huonekana, bali umaskini haukuandikwa usoni. Mwenye shida huona haya kujieleza mbele ya watu, na wengi huanza kutafuta barua ya kijiji wakati mgonjwa amekwisha zidiwa. Aidha, dawa anayopewa aliyesamehewa imenunuliwa kwa fedha. Asipokuwapo wa kuifidia, hospitali hubaki na pengo. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 ililitambua jambo hilo, ikataka anayetoa msamaha atafute njia ya kuufidia Mfuko.

Tena, msamaha haulipi nauli ya gari wala ya mtumbwi, wala chakula cha anayemuuguza mgonjwa. Hapo ndipo ruzuku inapohitajika. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio ya kuzipa fedha kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kwa sharti kwamba watoto wapelekwe kliniki na shuleni. Vijiji 80 vilichunguzwa, nusu yake vikipata ruzuku. Ilionekana kwamba kaya zilizosaidiwa zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii kwa wingi zaidi. Safari za kliniki ziliongezeka mwanzoni, kisha zikapungua, huku watoto wadogo wakiugua mara chache zaidi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hata hivyo, mfuko huo hauwezi kumfaa mtu asiyeorodheshwa.

Kwa hiyo, vyama vya msingi vina wajibu wa namna mbili. Viongozi wahakikishe kwamba wajane, wazee na wagonjwa wa muda mrefu wanatajwa katika mkutano mkuu wa kijiji kabla hawajaugua. Na wanachama wenye uwezo wahimizwe kutenga fedha ya bima siku ile ile wanapolipwa pamba yao. Ushirika ulianzishwa ili mnyonge asipunjwe kwenye mizani. Haifai kumwacha peke yake mlangoni mwa hospitali.